Kitanda cha Karibu na Mlango

Nambis, Mbulu
8 Februari 2004

Dada yangu Restituta,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Waendeleaje huko Katesh, na ile miguu, bado inavimba jioni? Huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa ukungu umetukalia tangu Jumatatu. Nguo za watoto nazikausha juu ya moto kama nyama.

Vitanda vimefika. Lori la mahindi liliviteremsha sokoni, vyote vinane, na mablanketi, na ile meza ndefu ya kufanyia kazi za shule. Nimekuombea rozari nzima. Wasichana wangu walikuwa wanalala wawili wawili kwenye godoro moja, sasa kila mmoja ana chake na kimoja kimebaki. Hicho nimekiweka karibu na mlango, hata mgeni akija alale.

Sasa nisikilize, maana nina shida. Nimepata barua ya ustawi wa jamii. Tangu tuwe mkoa wetu wenyewe wamekuwa wakali. Kila anayekaa na watoto wa shule wa watu wengine, Jumatatu mpaka Ijumaa kama mimi, lazima akaguliwe apewe kibali. Asipopata, watoto warudi kwao. Mkaguzi anakuja Jumanne tarehe 24. Unajua hawa wangu saba wanatoka mbali, bondeni huko. Eva, yule mdogo kuliko wote, kwao ni mwendo wa saa tatu. Baba yake ameniambia usoni kwamba kama mtoto hana pa kulala huku Nambis, ndama wanamngoja. Wakinifungia, Eva hatavuka darasa la pili.

Wewe ulikaguliwa mwaka 2002 ukapita. Nifundishe. Wanatazama nini? Wanauliza nini?

Kuna na jambo dogo, ucheke tu. Watoto wakirudi shuleni saa kumi nakaa mlangoni na beseni, nawaosha matope miguuni kabla hawajakanyaga sakafu mpya. Sitazami nyuso, natazama matope. Ni jozi saba za miguu, nazijua kama vidole vyangu. Tangu vitanda vije nimekuwa nikiosha nane. Mguu wa nane ni mdogo, baridi kama jiwe la mtoni, na una bangili ya shaba juu ya kifundo, kama wanavyovaa watoto wa wafugaji huko chini. Nikiinua kichwa ameshaingia. Nikiingia ndani nakuta saba. Hapa jirani hakuna mtoto anayevaa shaba. Nimemuuliza Justina wa ng'ambo ya kijito, akasema nimeanza kuzeeka na nisiusingizie ukungu.

Nijibu haraka, siku zinakimbia.

Mdogo wako,
Bernadina


Jorodom, Katesh
13 Februari 2004

Mdogo wangu Bernadina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Miguu ni ile ile, namshukuru Mungu naweza kufika kanisani.

Usiogope ukaguzi. Fanya hivi. Choo kiwe na mfuniko na ndoo ya maji ya kunawia pale pale nje. Jiko liwe na kizuizi. Dawa na mafuta ya taa vikae juu, si chini ya kitanda kama ulivyozoea, nakujua. Chukua daftari jipya, andika jina la kila mtoto, darasa, jina la mzazi, kijiji, na nani anaruhusiwa kuja kumchukua. Hapo kwenye kuchukua ndipo wanapokaza. Andika pia saa wanayotoka shuleni na saa wanayofika kwako, maana watoto wa umri huu wanatembea wenyewe na mkaguzi atataka kujua kama unajua waliko. Onyesha ile meza, sema hapa wanafanya kazi za shule saa kumi na moja baada ya uji.

Na ujue hawa si wa chekechea. Mtoto wa shule anaulizwa na anajibu. Usiwakaririshe, wataonekana. Sema nao ukweli tu.

Chumba chako ukubwa ule watakupa watoto saba, hawazidi. Kwa hiyo kitanda kile cha nane kitoe nje kabla ya siku. Kitanda kitupu kinaleta maswali. Kitoe kabisa, kiweke bandani.

Habari ya miguu acha. Usiiseme kwa Justina wala kwa mtu mwingine. Na acha kuwaosha, ni wakubwa, wanawe wenyewe.

Dada yako,
Restituta


Nambis
27 Februari 2004

Dada,

Shikamoo. Nimeandika nikiwa na majivu bado kwenye paji la uso, sijataka kuyafuta tangu juzi.

Nilifanya yote uliyosema. Kitanda nilikitoa Jumamosi, mimi na Justina, tukakiegemeza bandani. Jumapili niliporudi Misa nilikikuta ndani, karibu na mlango, kimetandikwa, blanketi limekunjwa mara tatu likawekwa miguuni. Wasichana sikuwaruhusu kwenda kwao wiki ile kwa ajili ya ukaguzi, wote walikuwa kanisani pamoja nami, walikaa benchi la mbele yangu. Nikakitoa tena. Jumatatu baada ya shule kimerudi. Nikaona nisishindane na kitanda siku moja kabla ya ukaguzi.

Mkaguzi ni mama mmoja, Konsolata, mtu mzima, mcheshi. Alitazama choo akasema angeweza kulia ugali humo. Alipima chumba kwa kamba. Alifungua daftari, akasoma majina, akasema mwandiko wangu ni wa mtu aliyechapwa viboko shuleni, nikamwambia ndiyo, tena na sista. Tukacheka. Nikajua nimepita.

Saa kumi watoto wakarudi. Akawaambia kila mmoja asimame kando ya kitanda chake. Akapita na karatasi, anaandika bila kuinua macho, anauliza kila mtoto darasa lake, wanajibu. Mimi nilibaki jikoni na uji, kama alivyoniagiza, ili wasinitazame mimi. Akatoka, akanipita, akakaa kwenye kigoda nje.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Saba."

"Mimi nimeandika wanane. Wa mwisho, karibu na mlango, nimemuuliza darasa, akasema la pili. Nimeinua kichwa kumuuliza jina, hayupo. Umempeleka wapi?"

Nilimwapia, Mungu anisamehe kuapa. Tuliingia naye, tukahesabu saba. Akaenda bandani, akatazama nyuma ya choo, akaingia hata zizini na viatu vyake vizuri. Aliporudi hakuwa anacheka tena. Alisema ameshaona watu wengi wanaficha watoto siku ya ukaguzi ili wasizidi idadi, lakini hajaona anayeficha haraka hivyo. Akasema kosa si kuzidi, kosa ni kuficha, maana mtoto aliyefichwa hata akifa hakuna anayemtafuta. Amenipa mwezi mmoja, mpaka tarehe 24 Machi. Nimlete mtoto wa nane na jina lake na mzazi wake, au nyumba inafungwa.

Alipokuwa anavuka kijito alisimama akageuka. Aliuliza kwa nini nimemvalisha yule mtoto shaba miguuni na wengine hawana.

Kwa hiyo si macho yangu, dada. Na si ukungu.

Kile kitanda kilikuwa cha nani? Nijibu upesi.

Bernadina


Jorodom
4 Machi 2004

Bernadina,

Kichome hicho kitanda. Na blanketi la buluu. Mwagia maji ya baraka kwanza, sali Malaika wa Bwana, halafu choma, majivu yatupe kwenye maji yanayokwenda, siyo shambani.

Vilikuwa vitanda vya watoto. Watoto walikuwa wengi. Nitakumbuka wapi nani alilala wapi.

Restituta


Nambis
9 Machi 2004

Dada Restituta,

Shikamoo. Sikukichoma.

Nilikitoa nje na kiberiti nikawa nacho. Ilikuwa mchana, watoto wako shule, hapakuwa na upepo hata kidogo. Nilipoinama nikasikia mtu anazuia pumzi. Si sauti. Unajua mtoto akijificha mchezoni, nawe unapita karibu, jinsi anavyojibana asicheke wala asikohoe? Hivyo. Karibu na goti langu. Nikarudisha kiberiti mfukoni, nikakirudisha kitanda ndani mwenyewe, nikakitandika.

Jioni ile nikamkalisha Eva mezani, nikamuuliza taratibu kama anamjua anayelala karibu na mlango. Akaendelea na hesabu zake. Akasema ndiyo, wote wanamjua, ila haongei sana, ameambiwa anyamaze.

Nikauliza, ameambiwa na nani?

"Na Mama Mkubwa. Alimwambia asitoke wala asijibu mpaka amwite kwa jina. Anasema bado hajaitwa."

Dada, Eva hajafika Katesh. Hajakuona hata kwa picha. Mimi sijawahi kuwaambia watoto hawa kwamba watoto wako huko walikuita Mama Mkubwa.

Wengine wamemzoea. Wakipanga foleni ya uji wanaacha nafasi, mtu mmoja, mbele ya Eva. Nimejaribu kuwasogeza nikashindwa, wananitazama kama nimemsukuma mtu. Mimi nimerudi kuwaosha miguu. Nawaosha wote wanane. Ule wa baridi nauosha kwa maji ya moto, nausugua, na haupati joto.

Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Ulinifundisha kusoma kwa misale yako. Kwa hiyo nakuuliza mara moja na kwa heshima, na usinipe mambo ya maji ya baraka. Ni mtoto gani, na ulimwacha wapi?

Zimebaki siku kumi na tano. Eva ameanza kuniuliza kama arudishe kitabu cha shule sasa au siku ya mwisho.

Bernadina


Jorodom
16 Machi 2004

Bernadina, mdogo wangu,

Barua yako nimeiweka chini ya msalaba siku tatu. Leo naandika. Ukishasoma, choma.

Unakumbuka ada ilipofutwa. Watoto wakaja kama mvua. Nyumba yangu ilikuwa imekubaliwa watoto kumi, na siku wakaguzi wa kwanza wa mkoa walipotangazwa nilikuwa na kumi na mmoja. Wa kumi na moja aliletwa na mama yake kutoka Getanuwas, mama wa kifugaji, mwembamba, hana Kiswahili kingi. Alitembea na mtoto siku nzima, na kibuyu cha maziwa mgongoni. Alitaka binti huyu mmoja ajue kusoma. Jina la kwao alinitajia, mimi sikulishika, ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Lucia. Hata padre sikumuuliza.

Alikuwa na homa tangu Jumapili. Ukaguzi ulikuwa Jumanne. Kama ningemlaza ndani angeonekana, na ningefungiwa, na wale kumi wangerudi machungani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikambeba mpaka kwenye banda la majani ya ng'ombe, nikamfunika. Nikamwambia, "Nyamaza mwanangu. Usitoke wala usijibu mtu mpaka nikuite jina lako."

Mkaguzi alifika saa tano. Mvua ikamkamata kwangu. Alikula, akanywa chai, akasubiri, akasifu nyumba. Aliondoka saa kumi. Nikakimbilia bandani, nikaita Lucia, Lucia, mara tatu kutoka mlangoni, kwa sababu nilishaogopa kuingia. Alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeziba mdomo wake.

Marehemu mume wangu Bura alichimba pale pale bandani. Hakuna mwingine aliyejua. Mama wa Lucia alipokuja shule zilipofungwa nilimwambia mtoto ametoroka, ameonekana kwenye gari la Arusha. Hakulia. Anakuja kila shule zikifungwa, Juni na Desemba, anaulizia kama amerudi. Kila mara ananiachia maziwa ili mtoto akirudi ayakute. Nimekuwa nikiyanywa, Bernadina, kwa sababu nilishindwa kuyamwaga.

Unajua desturi yetu. Nyumba iliyofiwa hivyo inakaa meeta. Inajitenga, haitoi moto, haitoi chombo, haivushi kitu kwenda nyumba nyingine mpaka wazee waiachilie. Mimi kesho yake nilipika uji wa watoto kumi kwenye moto ule ule. Nikaazimisha sufuria. Bura alipofariki nikafunga kituo, nikaona vitanda vinakaa bure, nikavituma kwako. Nilijua kimojawapo, kile kilichokaa karibu na mlango hata kwangu, kilikuwa chake. Nikajiambia mimi ni Mkristo, mambo ya meeta ni ya bibi zetu.

Leo nimeweka matawi mlangoni. Nimejitenga. Mtu asiingie, nami sitoki. Usije. Mwambie mkaguzi ulikosea kuhesabu.

Dada yako mwenye dhambi,
Restituta


Nambis
26 Machi 2004

Dada yangu Restituta,

Shikamoo. Natumaini unakula. Kama umejifungia na hakuna anayeingia, nani anakuchotea maji?

Barua yako sikuichoma. Uniwie radhi. Nililala nayo siku mbili, siku ya tatu nikamwita katekista Akonaay, nikamwambia aende Getanuwas kwa pikipiki ya parokia amtafute mama mmoja mwembamba ambaye binti yake alipelekwa shule Katesh mwaka 2002. Hakuhangaika. Akonaay anasema huko chini kila mtu anamjua, wanamwita yule anayengoja. Alimpa ujumbe mmoja tu, kwamba mtoto ameonekana Nambis na hayuko hai. Tulikubaliana asiambiwe zaidi kabla ya kunifikia mimi.

Jumatano mkaguzi alikuja. Nilimpa barua yako. Aliisoma kando ya kijito, akairudia. Alisema kibali changu hakitatoka mpaka wilaya isikie shauri hili, na vitanda vyako vyote vitachukuliwa. Wasichana wanaweza kubaki mpaka Pasaka kwa dhamana yake yeye mwenyewe, baada ya hapo hajui. Kwa hiyo mambo ya Eva bado yako hewani, dada, na sikupata chochote kwa kukusaliti, kama utafikiri hivyo. Konsolata atafika kwako Jumatano ijayo pamoja na mtu wa polisi na mtendaji wa kata. Nakuambia mapema ili usishtuke.

Jana Alhamisi mama alifika. Alikuja peke yake, saa nane, na kibuyu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na Akonaay wa kutafsiri. Nilimweleza yote, banda, mvua, jina ulilompa. Alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho aliuliza kitu kimoja, kitanda ni kipi. Nikamwonyesha. Akakaa juu yake, akaweka mikono magotini, akangoja.

Saa kumi watoto walirudi kwenye ukungu. Nikakaa na beseni langu. Niliosha saba. Wa nane alipoweka mguu majini, yule mama kutoka ndani aliita jina. Halikuwa Lucia. Sitaliandika hapa, hakunipa mimi. Aliliita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula.

Mguu ukawa wa moto mkononi mwangu, dada. Moto kabisa, kama wa mtoto mwenye homa. Halafu nikawa nimeshika maji.

Wasichana wote saba walisogea pembeni mlangoni kwa pamoja, wakamwachia mtu njia. Sikuwaambia. Mama akatoka, mkono wake wa kushoto umeshuka kidogo, vidole vimekunjwa, vile unavyomshika mtoto wa kimo cha Eva. Hakuniaga. Justina alikuwa ng'ambo ya kijito na kuni zake kichwani, akaziweka chini, akavua kilemba. Yule mama alisimama kwenye jiwe la kuvukia, akangoja kidogo, ndipo akavuka. Akasimama tena kwenye mwinuko. Anatembea kwa hatua fupi.

Akonaay alimkimbilia amwambie asubuhi kuna basi. Amekataa. Anasema mtoto hajazoea gari. Watapita Dongobesh na Basotu kwa miguu, na wanakuja kwako. Anataka aonyeshwe bandani ni wapi hasa. Akonaay alimuuliza, kwani huyu aliye naye hawezi kumwonyesha? Akajibu kwamba mtoto anajua, lakini anayepaswa kuonyesha ni aliyemweka.

Kwa hiyo dada, yatoe hayo matawi mlangoni. Meeta ni ya aliyefiwa, na aliyefiwa yuko njiani. Umejificha vya kutosha. Usimwandalie maneno. Chemsha maji, kwa sababu watakuwa wametembea siku nne. Mlango ukiwa umefungwa atakaa nje angoje, na wewe unajua anavyoweza kungoja.

Barua hii inakuja kwa basi la kesho, itawatangulia. Kitanda kimekuwa kitanda tu, nimekilalia jana kujaribu. Nimebaki na saba, nawahesabu kila mara, na kila mara ni saba, na sijui kwa nini nasikia upweke hivi.

Nakuombea, asubuhi na jioni. Nijibu upesi, hata mistari miwili, uniambie wamefika, na kama ulifungua.

Mdogo wako akupendaye,
Bernadina